Pete za Udongo za Lwanji

Katika zama zile ambapo nguo za merikani na shanga zilikuwa zimeanza kufika bara, na bado hakuna aliyeota kuona bendera ya mgeni, palikuwa na mji juu ya kilima uitwao Lwanji. Mji huo haukuwa na ng'ombe wengi wala pembe za ndovu za kutambia. Ulikuwa na chuma. Na ukitaja chuma cha Lwanji umemtaja Sikombe, mhunzi mkuu, mtu wa mkono mzito na maneno machache, aliyevaa kifuani ngozi ya swala iliyotobolewatobolewa na cheche.

Wahunzi walikuwa kumi na mmoja, na kila mmoja alikuwa mfalme kwenye fuawe lake, jiwe la kufulia chuma. Desturi ilikuwa hivi: mkuki huzaliwa mkononi mwa mtu mmoja. Yeye aufue, yeye atoboe tundu la kuingizia mpini, yeye achonge mpini wenyewe, kisha apige alama ya ukoo wake chuma kingali chekundu. Mwingine haugusi. Alama ya Sikombe ilikuwa mistari mitatu na nukta, urithi wa baba na babu zake vizazi tisa, na aliipenda, jamani, kuliko alivyokipenda chakula. Mkuki mmoja, siku mbili. Nani alikuwa na haraka?

Haraka ikaja. Mjumbe wa Chitambi, jemadari wa jeshi la ngao ndefu, aliingia barazani akiwa na manyoya ya mbuni kichwani, wala hakuketi.

"Jemadari anataka vijana wenu mia mbili, wa kike na wa kiume," alisema. "Mwezi ukiandama muwe mmewatoa. Msipowatoa, atakuja kuwachukua mwenyewe, na hapa patabaki majivu."

Alipoondoka, baadhi ya wazee wakaanza kutaja majina ya vijana wa kutolewa kwa sauti ya chini. Jina la nne lilikuwa Namonje, binti pekee wa Sikombe.

"Nyamazeni!" Mwene Kasanda, mtawala wa mji, aliwakemea. "Sijasema nitatoa mtu. Sikombe, nina wanaume mia tatu wa kupigana na mikuki arobaini. Mwezi utaandama baada ya siku kumi na mbili. Chuma tunacho?"

Sikombe alipiga magoti na kupiga makofi mara tatu, kama ilivyopasa mbele ya Mwene. "Chuma tunacho, Mwene. Siku ndizo hatuna."

Hesabu haikuhitaji mganga. Mikono kumi na mmoja, siku kumi na mbili: mikuki sitini na sita. Alitoka barazani akitembea kama mtu aliyepigwa, na miguu ikampeleka kwa dada yake mkubwa, Nakamba, mfinyanzi, mjane mwenye ulimi mkali kuliko wembe.

Uani kwa Nakamba wanawake sita walikuwa kazini. Mmoja alikanda udongo, wa pili alijenga mwili wa chungu, wa tatu alifinyanga mdomo, wa nne alilainisha kwa kokoto, na wawili walichochea moto. Vyungu vilipita mkono kwa mkono, na umbea nao ukipita. Sikombe alikuwa ameviona vyungu hivyo miaka yote ya maisha yake. Siku hiyo ndiyo aliyovitazama.

"Hiki ni cha nani?" aliuliza, akinyoosha kidole.

"Ni chungu," Nakamba akajibu. "Kina mwenyewe? Mwenyewe ni atakayekipikia."

"Lakini nani amekifinyanga?"

"Sisi. Wewe mwana wa mama, umekuja kuniuliza vyungu wakati mwanao anatajwa barazani? Ninyi wahunzi kila mtu anakula peke yake kama fisi. Ndiyo maana mnashiba polepole."

Sikombe aliketi chini, pale pale kwenye udongo mbichi, akamwambia yote aliyoyawaza. Mhunzi mmoja afue vichwa vya mikuki tu, mwingine atoboe tundu tu, mwingine anoe. Mipini wachonge watu wengine kabisa, hata wasio wahunzi. Ila kila mpini uingie kila tundu. Hapo ndipo alipokwama.

"Mnahitaji kipimo," Nakamba alisema. Akafinyanga kijiti kinene kama kidole gumba, na pete ambamo kijiti kile kiliingia sawasawa. "Mtoboaji apime kwa kijiti. Mchongaji apime kwa pete. Hawana haja hata ya kusalimiana."

Kesho yake asubuhi Sikombe aliwaita wenzake. Mzee Silwamba, mkubwa wao kwa umri, alitema mate.

"Mkuki usio na alama ni mtoto asiye na baba! Unataka wajukuu zangu waseme nilifua kitu gani?"

"Wajukuu wapi, baba?" Sikombe akamwuliza taratibu. "Wale watakaozaliwa utumwani?"

Kisha akachukua chuma chake cha kupigia alama, kile cha baba tisa, akakitumbukiza motoni. Akavukuta mwenyewe mpaka kikawa cheupe, akakiweka juu ya fuawe na kukiponda kikawa bapa. Silwamba alinung'unika hadi adhuhuri, lakini alinung'unika huku akitoboa.

Haraka haraka haina baraka. Nakamba alifinyanga pete na vijiti vingi vya kipimo kile, akachoma pete kwanza akazigawa. Vijiti vilikuwa bado vinakauka juani. Sikombe, mtu wa chuma asiyejua tabia za udongo, akavichukua vibichi akawapa watoboaji. Siku ya tatu wakajaribu kuunganisha. Vichwa sitini vilicheza juu ya mipini kama kofia ya mkubwa kichwani mwa mtoto.

"Ole wangu!" alipiga kelele. "Tumerogwa!"

"Nani akuroge, mjinga wewe!" Nakamba alimjia juu mbele za watu, mhunzi mkuu mzima. "Udongo ukiingia motoni hunywea. Pete zangu zimenywea, vijiti vyako bado vinene. Ungeuliza! Kuuliza si ujinga."

Siku tatu zilikuwa zimepotea. Sikombe alimeza aibu yake, akaomba radhi kwa wahunzi na kwa dada yake, akangoja vijiti vichomwe. Vilipotoka motoni, kila kimoja kiliingia kila pete. Na tangu hapo, ndugu zangu, Lwanji ilinguruma. Kilima kizima kilisikika kama moyo mmoja. Siku ya kumi na mbili palikuwa na mikuki mia tatu na kumi na minane, na matita ya mipini ya akiba.

Chitambi alikuja asubuhi, ngao zake zikiufunika mteremko. Watu wa Lwanji walisimama mbele ya boma lao, na mapigano yakawa makali. Ngozi za ngao zile zilikuwa nene. Mipini ilikatika kwa wingi. Adui walishangilia, kwa kuwa walijua aliyekatikiwa mkuki ni mtu wa kukimbia.

Hawakukimbia. Waliokota vichwa vilivyodondoka, wakarudi hatua kumi langoni, na hapo Namonje na wasichana wenzake wakang'oa vipande vilivyovunjika, wakapachika mipini mipya, wakagongesha jiweni mara moja. "Haya, baba! Haya, kaka, rudi!" Kila mpini uliingia kila kichwa. Jeshi la ngao ndefu lilivunja mikuki asubuhi nzima, na mikuki haikuisha. Jua lilipofika utosini Chitambi alianguka na chuma ubavuni, na watu wake wakageuka.

Mwene Kasanda alitaka kumzawadia fahali mhunzi aliyefua chuma kile. Kikaletwa, kikaoshwa, kikageuzwa huku na huku. Hakikuwa na alama. Wahunzi wakatazamana.

"Tundu hili," Silwamba alisema, machozi yakimlengalenga, "huenda ni langu."

Fahali alichinjwa, akaliwa na mji mzima. Vile vichwa sitini vilivyocheza vilifuliwa upya vikawa visu vya kuvunia ulezi. Waimbaji walilihifadhi jina la Mwene, kama kawaida yao. Lakini wahunzi kumi na mmoja walizeeka Lwanji, na kila mmoja, akiwa na wajukuu waliozaliwa huru wamemzunguka, aliapa kwamba mkuki uliomwangusha Chitambi ulikuwa wake. Nakamba naye aliapa hivyo hivyo. Na hakuna hata mmoja wao aliyesema uongo.