Likizo ya Kotesheni Saba

Ndugu zangu wasomaji, nyumba ninayotaka kuwasimulia haikuwa nyumba ya ugomvi. Mume hakuwa mlevi wala mzururaji, na mshahara wake aliufikisha nyumbani. Ungepita pale alasiri ungesikia cherehani ya mama ikinguruma karibu na dirisha, redio ikizungumza peke yake, na binti yao wa miaka kumi na mmoja akisimulia mambo ambayo hakuna aliyemuuliza. Kwa mdomo wake huo walimwita Chiriku, na wazazi wake wakawa Baba Chiriku na Mama Chiriku.

Kazini baba alikuwa na jina jingine. Alikuwa afisa manunuzi wa hospitali, na kwa miaka kumi na minne hakuna godoro, glavu wala kipande cha sabuni kilichoingia pale kabla hajaletewa bei za wauzaji watatu kwa maandishi, azilinganishe, amchague mmoja. Bei hizo za maandishi ndizo zinazoitwa kotesheni. Basi wenzake wakamwita Kotesheni, naye hakukasirika. Akasirike nini? Kwake lilikuwa jina la sifa.

Mambo yalianza kuharibika siku mkewe alipoomba kupumzika.

Mama mzazi wa Mama Chiriku alikuwa amefariki miezi minne nyuma. Tangu mazishi, usingizi ulikuwa umemkimbia. Kabla hakujapambazuka alikuwa tayari kwenye cherehani, akishona sare za shule za watoto wa watu, macho mekundu. Siku hiyo mume alikuwa anavua viatu mlangoni.

"Baba Chiriku, likizo yako ikifika nitoe humu ndani," alimwambia. "Siku tatu tu, nikapumue."

"Hilo tu? Unataka wapi?"

"Kule ziwani, kwenye ile nyumba ya wageni aliyokuwa akifanya kazi mama. Alikuwa anafua mashuka, mimi nacheza katikati ya kamba. Mwenye nyumba bado yupo, namba yake ninayo." Akachana ukingo wa karatasi anayokatia vipimo, akaiandika namba kwa chaki yake ya bluu.

Mume aliipokea karatasi ile, kiatu kimoja bado kiko mguuni. "Sawa, mke wangu. Ila hatuwezi kukimbilia sehemu moja tu. Tulinganishe kwanza."

Tulinganishe. Neno lenyewe halina ubaya, jamani. Mimi mwenyewe sinunui nyanya kabla sijalizunguka soko zima. Lakini sikilizeni lilikomfikisha.

Kotesheni alichukua likizo ya siku kumi na nne. Siku ya kwanza alinunua faili la kijani. Siku ya pili alizunguka ofisi za wakala wa safari, akarudi na vipeperushi vya hoteli saba: mbili za ufukweni, mbili za milimani, moja ya mbugani, moja ya mjini, na moja iliyojengwa kwenye chemchemi za maji moto. Akachora jedwali. Bei alama thelathini, usafiri ishirini, malazi ishirini, chakula kumi na tano, usalama kumi na tano. Jumla mia moja. Chini kabisa akaacha mstari wa maoni ya familia, ambao haukuwa na alama.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka. Hoteli ya ufukweni ilitoza kwa chumba, ya milimani kwa kichwa. Moja ilimhesabu mtoto nusu, nyingine ilisema mtoto ni bure, lakini ulipofika miaka kumi ulikuwa si mtoto tena. Ile ya mbugani ilikuwa rahisi kuliko zote mpaka ulipojumlisha nauli, na ulipojumlisha nauli ikawa ghali kuliko zote, na walipompunguzia nauli akawa hajui tena iko wapi. Alifuta, akaandika, akafuta. Karatasi zilitoboka. Kila asubuhi aliamka na mshindi mmoja, na kila jioni alilala na mwingine.

Siku ya sita alikuwa amekaa kando ya cherehani akimsomea mkewe bei za chemchemi.

"Kifungua kinywa kimo ndani," alisema. "Chakula cha mchana hakimo, ila ukikaa siku nne cha siku moja kinakuwa bure. Sasa ukilinganisha na milimani..."

"Baba Chiriku, mimi nilikwambia ziwani."

"Ziwani nayo ipo kwenye faili, usiwe na wasiwasi. Ukilinganisha na milimani, kule blanketi..."

Mama Chiriku alitoa yowe dogo. Sindano ya cherehani ilikuwa imepenya kwenye ukucha wa kidole cha shahada. Chiriku alikimbilia pamba. Mume naye alikimbia, hakuwa mtu mwenye roho mbaya. Alikifunga kidole kile vizuri sana, kama mtu aliyekaa hospitali miaka kumi na minne, na huku akikifunga akamalizia habari ya mablanketi.

Binti alimtazama baba yake. "Baba, mama analia."

"Ni maumivu tu ya sindano, mwanangu. Yatapita."

Tangu siku hiyo mkewe hakutaja ziwa tena. Akiulizwa ufukwe au milima, alijibu, "Vyovyote." Kotesheni alifurahi. Aliona mambo yamekuwa mepesi.

Siku ya kumi na mbili, saa tisa alasiri, alirudi nyumbani akitembea haraka, shati limelowa jasho. Mshindi alikuwa amepatikana! Chemchemi za maji moto, alama themanini na saba kwa mia, na malipo ya awali ameshayatoa. Kesho asubuhi safari. Alikuwa na hamu ya kuiona sura ya mkewe.

Mlango ulikuwa umefungwa. Ufunguo ulikuwa kwa jirani, dereva wa gari la wagonjwa wa hospitali ileile. Ndani, redio ilikuwa kimya. Juu ya cherehani, iliyofunikwa vizuri, kulikuwa na kipande cha karatasi ya vipimo: "Baba Chiriku, tumetangulia na mtoto. Mimi kotesheni yangu ni moja. Unajua tulipo."

Aliisoma mara tatu. Unajua tulipo. Alikaa, akasimama, akaingia chumbani, akatoka. Akapiga simu ya mkewe, haipatikani. Alijaribu kukumbuka mahali, na kila alipojaribu, zilikuja bei. Ufukweni, kwa chumba. Milimani, kwa kichwa. Akapigwa na butwaa katikati ya sebule yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akaogopa. Vipi kama hakwenda kupumzika? Vipi kama amekwenda moja kwa moja?

Akatoka mbio mpaka kituo cha mabasi, akajipenyeza mbele ya dirisha la tiketi.

"Unaenda wapi, mzee?" aliuliza mkata tiketi.

"Kwa mke wangu."

"Mkeo yuko wapi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe!"

Foleni nzima iliangua kicheko. Mkata tiketi hakucheka, alimtazama kwa huruma tu, akamwomba asogee pembeni. Kotesheni alirudi nyumbani, akamkuta yule dereva anaosha miguu uani.

"Ameniandikia kwamba najua alipo," alimwambia. "Mimi sijui. Nakwambia kweli, ndugu yangu, sijui."

Dereva alifunga bomba. "Mkeo si mtu wa kubahatisha maneno. Akisema unajua, basi alishakuambia."

"Lini?"

"Mimi nitajuaje? Si nyumba yako?"

Akaingia ndani, akalimwaga faili la kijani juu ya meza. Akapekua karatasi moja moja. Nyuma kabisa, mahali anapoweka walioshindwa, akaiona karatasi ya vipimo yenye namba kwa chaki ya bluu, karibu ifutike. Juu yake, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wake mwenyewe: "Ziwani. Haikuwasilisha bei kwa maandishi. Imeondolewa." Tarehe ilikuwa ya siku ya pili ya likizo.

Pembeni yake ilikuwapo karatasi ya lile jedwali, na kwenye mstari wa chini, maoni ya familia, alikuwa amejaza: "Hakuna pingamizi." Alikaa akiutazama mstari ule muda mrefu. Hakukumbuka kumuuliza mtu yeyote.

Akaipiga namba. Ikapokewa na sauti ya bibi mzee, yule mwenye nyumba ya wageni.

"Shikamoo, bibi. Namtafuta mke wangu, yuko na mtoto..."

"Marahaba. Yupo. Amelala tangu saa saba, hata chai hakuimaliza."

Kotesheni alitaka kusema asante. Alitaka kusema mengi. Lakini mazoea ni ugonjwa, ndugu zangu, na mdomo ukamtangulia: "Na bei yenu ni kiasi gani kwa usiku?"

"Mwanangu," bibi alisema, "hata hujaniuliza kama amekula." Akakata simu.

Asubuhi na mapema alipanda basi. Malipo ya chemchemi yalipotea na, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuulizia kurudishiwa. Alifika adhuhuri. Ilikuwa nyumba ndefu ya bati yenye vyumba sita, rangi imebanduka, wala hapakuwa na maji moto. Nyuma yake kamba za nguo zilikuwa zimevutwa kutoka ukutani hadi kwenye nguzo, mashuka meupe yamejaa. Chini yake, juu ya mkeka, Mama Chiriku alikuwa amelala mdomo wazi, kidole chake kimefungwa bandeji.

Chiriku alimkimbilia baba yake, na maajabu, hakusema neno. Aliweka kidole mdomoni. "Usimwamshe," alinong'ona. "Jana usiku alilala, leo analala tena."

Basi akakaa kwenye nyasi. Hakujua afanye nini na mikono yake. Akajikuta anahesabu mashuka, akaacha, akaanza tena. Hakuelewa thamani ya mahali pale ilikuwa wapi. Hapakuwa na chochote ambacho jedwali lake lingekipa alama, na mkewe alikuwa anakoroma.

Alipoamka, Mama Chiriku alimtazama bila mshangao. "Umekuja kukagua?"

Mume alifungua kinywa aseme hapana. Kisha akasema ukweli. "Sijui nimekuja kufanya nini, mke wangu. Niambie wewe."

"Nilishakuambia. Mara ya kwanza ukiwa na kiatu mguuni, mara ya pili kabla tu sindano haijaniingia kidoleni."

"Mimi nimesikia jana."

Mkewe akainuka, akaanua shuka lililokauka, akamrushia ncha moja. "Shika hapo. Si hivyo. Vuta kwanza, ndipo ukunje. Hivyo ndivyo alivyonifundisha mama." Na wakikunja, shuka la kwanza mpaka la kumi, akamsimulia habari za mama yake, mambo ambayo kwa miaka kumi na miwili ya ndoa mume hakuwahi kuyasikia. Alilia tena, na safari hii hakuna aliyesema ni sindano.

Msidhani yaliishia kwenye kukumbatiana. Likizo ya Kotesheni ilikuwa imebaki siku moja. Mkewe alimwambia, "Wewe rudi kazini. Shule zimefungwa, mimi na mtoto tutabaki wiki moja." Akarudi peke yake kwenye nyumba yenye cherehani iliyofunikwa. Siku kumi na mbili alizozitumia kulinganisha zilikuwa ndizo siku ambazo wangekaa pale watu watatu, na hakuna ofisi iliyoweza kumrudishia.

FUNZO

Ndugu zangu, hadithi hii haisemi tusilinganishe bei. Linganisheni, ulizeni, msikubali kuibiwa. Fedha ni jasho la mtu. Lakini kabla hujauliza safari ni kiasi gani, muulize anayesafiri anafuata nini huko. Bei utaikuta kwenye kipeperushi. Thamani hutaikuta humo, kwa sababu anayeijua ni yule unayelala naye chumba kimoja, na huenda alishakuambia wakati unavua viatu.

Tena mtu akikaa kimya, usiseme amekubali. Mama Chiriku alisema vyovyote kwa kuwa alichoka kusema ziwani. Ule mstari wa maoni ya familia haujazwi na mtu mmoja kwa niaba ya mwenzake, hata awe na mwandiko mzuri namna gani.

Kwa hiyo, kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye siku hizi anajibu vyovyote, liache faili hilo hapo lilipo. Nenda kamuulize. Kisha kaa usikilize, hata kama kiatu kimoja bado kiko mguuni.