Mgeni wa Hoteli ya Unguja

Kahawa ilipelekwa juu kwa watu watano, na vikombe vilivyorudi vichafu vilikuwa sita.

Mahbuba alivitazama kwenye sinia. Vitano vilikuwa na mashapo ya kahawa. Cha sita kilikuwa na tope. Alikinusa. Kilinuka kisima kilichofukiwa.

"Yaarub," alimwita mdogo wake, "huko juu mna nani?"

"Wazungu wanne na mimi."

"Na huyu wa sita?"

Yaarub alitazama pembeni. "Mgeni tu, dada."

Hoteli ya Unguja ilianza kujengwa Matrah, jirani na Maskati, mwaka 1968, nyuma ya soko, na mwishoni mwa 1970 ilikuwa imepokea wageni wake wa kwanza. Mwenyewe alikuwa Aflah, binamu yao, aliyehama Unguja mapema, na fedha zake mkononi. Mahbuba na Yaarub waliingia Maskati mwaka 1964 na sanduku moja. Mume wa Mahbuba alibaki Unguja, katika kaburi ambalo hakuna aliyeweza kumwonyesha.

Aflah aliijenga Unguja upya kwa ajili ya wazungu wa mafuta. Palikuwa na milango ya kuchonga yenye misumari ya shaba, mnara wa saa isiyotembea, na bwawa la kuogelea lililozungukwa na minazi ya plasta. Vyumba ishirini na vinne, kila kimoja na kibakuli cha karafuu mezani. Palikuwa na jenereta na mashine ya barafu. Ghorofani, nyuma ya pazia, palikuwa na chumba chenye kiyoyozi, meza za kitambaa cha kijani, karata, na gurudumu lililoletwa kutoka Beiruti. Aflah hakutaka neno kamari litajwe. "Klabu," alisema. Yaarub ndiye aliyegawa karata.

Mahbuba aliwekewa mbuzi ya nazi ukumbini. Kazi yake ilikuwa kujifunga kanga na kukuna, wageni wapige picha. Alikuwa amekuna nazi tangu utotoni na hakupata kuona haya mpaka alipokalishwa hapo.

Kulikuwa na amri nyingine. Mzungu alifundishwa kusema hodi mlangoni, akicheka, na mfanyakazi aliye karibu lazima aitike "Karibu!" papo hapo. Mahbuba alipinga.

"Hodi ya adhuhuri haikaribishwi mpaka mtu ajitaje. Mama yako alikufunza kama alivyonifunza mimi."

"Mzungu hataki kuulizwa jina," alijibu Aflah. "Sema karibu, basi. Usinitilie mikosi."

Kiwanja alikinunua kwa bei ya chini. Palikuwa na kisima hapo, na watu wa Matrah walipokipita mchana walinyamaza, wala hawakuitika wito wowote. Aflah alikijaza kifusi, akasimamisha juu yake ukuta uliopanda mpaka chumba cha karata.

Siku tatu baada ya vile vikombe Mahbuba alimshika Yaarub mkono. Kucha zake zilikuwa na tope. Alikuwa amekonda, na shati lilikuwa limelowa maji mgongoni ingawa hakuwa akitoka jasho.

"Sema."

"Ilikuwa Ijumaa," alisema Yaarub kwa sauti ya chini. "Watu wote wako msikitini. Aflah kaniambia nibaki nipange meza. Nkasikia hodi. Haikutoka mlangoni, dada. Ilitoka ukutani. Hodi, hodi, kwa upole, kama mtu mzima mwenye adabu zake."

"Ukaitika?"

"Nshazoea! Kutwa nzima ni karibu, karibu. Mdomo ulisema wenyewe." Alianza kulia. "Sasa kila adhuhuri anakuja kukaa. Nikigawa karata, yake inachukuliwa. Ananiuliza jina la baba yangu na babu yangu. Nnamjibu. Nikishamjibu, silikumbuki tena. Dada, baba yetu akiitwa nani?"

Mahbuba alimtajia. Kisha akapanda ngazi.

Ilikuwa saa saba mchana na jua lilikuwa limefuta kila kivuli Matrah, lakini kadiri alivyopanda ndivyo baridi ilivyozidi, baridi isiyokuwa ya kiyoyozi kwa sababu kiyoyozi kilikuwa kimezimwa, na ile harufu ya tope ikamjia puani na kushuka kooni, na nyuma ya pazia akasikia karata zikichanganywa taratibu na mikono iliyozoea, na alipolivuta pazia hakukuwa na mtu ila kiti kimoja kilichosogezwa nyuma kidogo, kama anavyosogeza mtu anayetaka kusimama kumwamkia mwanamke aliyeingia, na mto wa kiti ulikuwa umebonyea, na ulibonyea zaidi pale mwenyewe alipokaa tena.

Alishuka kinyumenyume. Alimkuta Aflah ofisini.

"Kifunge chumba kile."

"Ijumaa wanakuja wakubwa. Nifunge kwa hadithi za vikongwe?"

"Yaarub anakufa, Aflah."

"Anywe supu."

Mahbuba aliegemea meza yake. "Kule tulitolewa na watu tuliowajua kuwa adui. Wewe umetuvalisha nguo zetu ili tuchekwe, umemkalisha ndugu yangu juu ya kisima cha watu, sasa unaniambia supu."

"Mlikuja hamna hata viatu," alisema Aflah. "Usisahau nani kawalisha."

Mahbuba alitoka ofisini. Alivaa buibui akaenda kwa Bi Rahila, mganga wa Kiunguja aliyekaa uchochoroni karibu na soko la samaki. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kavunja mlango?"

"La, bibi. Kakaribishwa."

"Basi simsomei. Nikimsomea atanambia, nimepiga hodi nkakaribishwa, na atakuwa na haki. Jini mwenye haki hatolewi kwa fujo. Tutamtoa kwa adabu. Atapewa halwa, kahawa, maji ya mawaridi, kisha udi. Ukishapitishwa udi, mgeni hana tena ruhusa ya kukaa. Hilo hata wao wanalijua."

"Kisha?"

Bi Rahila alisita. "Kisha atataka kusindikizwa. Na kwa desturi, mgeni husindikizwa mpaka aseme mwenyewe, rudi, yatosha."

"Nani atamsindikiza?"

"Mwenyeji wake."

Ijumaa, watu walipokwenda msikitini, walipanda wote watatu. Yaarub alikaa mahali pake. Mahbuba aliweka halwa mbele ya kile kiti na kumimina kahawa. Kikombe kilipungua. Alinyunyiza maji ya mawaridi, matone yakasimama hewani kwa umbo la mikono miwili iliyokingwa, kisha yakaanguka. Bi Rahila akaweka udi kwenye chetezo, akakisogeza. Moshi ulipinda, ukazunguka kitu kipana chenye mabega, ukapanda mpaka mahali pa uso na hapo ukaingia ndani, ukanywewa wote.

Kiti kikasogea nyuma.

"Mmenikirimu," ilisema sauti. Ilitoka kinywani mwa Yaarub, nzito, na midomo yake haikwenda nayo sawa. "Sasa nisindikize."

Yaarub akasimama. Mahbuba alimkumbatia kiunoni kwa nguvu zake zote, na miguu ya Yaarub ikawaburura wote wawili kuelekea ngazini, na Bi Rahila akamshika Mahbuba, na bado wakaburuzwa.

Hapo pazia likavutwa. Aflah alikuwa ameusikia udi toka chini, akapanda na hasira zake.

"Nani kawapa ruhusa?" alipiga kelele. "Mwache huyo! Hana amri hapa, wala wewe, wala kikongwe chako! Mwenye nyumba hii ni mimi!"

Miguu ya Yaarub ikasimama, akaanguka pamoja na Mahbuba.

"Kumbe mwenyeji ni wewe," ilisema ile sauti kinywani mwa Yaarub. Aflah aliona nyuso zao, akanusa ile harufu, akaelewa amechelewa.

"Mahbuba," alinong'ona. "Mwambie sivyo."

Mahbuba alikuwa sakafuni, kichwa cha ndugu yake mapajani. Angeweza kusema. Alikumbuka kanga, na picha, na viatu.

"Umemsikia," alimwambia yule mgeni asiyeonekana. "Kasema kwa kinywa chake."

Yaarub alikohoa tope, kisha akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Aflah aligeuka akateremka ngazi pole pole, kichwa kimeinama upande wa kulia, kama mtu anayemsikiliza mkubwa wake.

Chumba cha karata hakikufunguliwa Ijumaa hiyo. Siku ya tatu dereva wa lori, mtu wa Wadi Kabir, aliwahadithia watu sokoni kwamba alimkuta Aflah mbali, ng'ambo ya Ansab, peku, nyayo zinavuja damu, anatembea kandokando ya njia huku ameacha nafasi ya mtu mmoja kuliani kwake. Dereva alisimamisha lori akamwambia apande.

Aflah alijibu kwa sauti ya chini sana, bila kumtazama.

"Siwezi, ndugu yangu. Hajanambia nirudi."