Magadi Kwenye Sufuria ya Shule

Mimi naitwa Ng'washi. Nakaa Kakese, nalima mpunga. Na kupika najua, asikudanganye mtu. Harusi zote za mtaa wetu, mpishi ni mimi. Kwa hiyo, wazazi walipokaa kuchagua mpishi wa shule, nilivaa kitenge changu kipya, nikakaa mbele kabisa.

Wakamchagua Bibiana.

Bibiana! Jirani yangu, ambaye ugali wake una madonge! Nilipiga makofi pamoja na wengine, lakini moyo uliniuma kama nimemeza mwiba. Tangu siku hiyo, kila asubuhi nilimwona akipita na aproni yake nyeupe kwenda shuleni. Watoto wanamkimbilia, "Shikamoo mama mpishi!" Nami nafagia uwanja kwa hasira mpaka vumbi linaingia ndani.

Jioni wakati wa kula nilikuwa na wimbo mmoja tu.

"Leo amepika nini yule?" Namuuliza binti yangu Kabula, wa darasa la sita.

"Makande, mayu." Sisi Wasukuma mama tunamwita mayu.

"Yaliiva?"

"Yaliiva."

"Mmezoea vibaya tu. Iko siku ataharibu sufuria nzima. Siku hiyo watamtoa, na watanifuata mimi hapa hapa."

Mume wangu alicheka. "Mama Kabula, wivu huo utakuunguzia mboga."

Nilimwambia anyamaze ale.

Basi siku ikafika. Alhamisi moja makande ya shule yalikuwa machungu, hayaliki. Magadi tunaweka kidogo tu, maharage yalainike. Siku hiyo mtu alikuwa amemwaga kopo zima. Shule nzima ilishinda njaa. Watoto wawili wa darasa la kwanza walionja, wakatapika.

Nisiwafiche. Niliposikia, nilifurahi.

Lakini kopo tupu lilikutwa limefichwa nyuma ya jiko, na mpishi hawezi kujiharibia chakula mwenyewe, kwa hiyo walimu wakajua hana kosa. Lawama zikamwangukia Dorika, binti wa Bibiana mwenyewe. Siku ile ilikuwa zamu yake kupeleka maji jikoni. Na Dorika ni mtundu, kila mtu anajua. Mwaka jana alitia chura kwenye mkoba wa mwalimu. Sasa alikuwa analia na kukana, lakini nani amsikilize?

Hapo nikaona njia yangu. Mtoto akifukuzwa, mama yake atabaki jikoni kwa uso gani? Nikapita nyumba kwa nyumba.

"Asubuhi ile nilimsikia mama yake akimgombeza," niliwaambia. "Mtoto amelipiza kisasi. Huyo si wa kusimamishwa siku mbili. Afukuzwe moja kwa moja! Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

Wazazi wakaitikia. Kamati ya shule ikaitisha kikao Jumatatu, saa nne asubuhi.

Jumatatu nikavaa kitenge kilekile. Kabula hakugusa uji wake. Siku zote hizo alikuwa hana raha, nami nilidhani ni malaria.

"Mayu, usiende," akasema.

"Kwa nini nisiende?"

"Magadi niliweka mimi."

Nikakaa chini.

"Nilipeleka kuni jikoni," akasema huku analia. "Mama Dorika alikuwa ameenda stoo. Wewe ulisema akiharibu sufuria watakuchagua. Nilitaka wakuchague, mayu."

Nilinyoosha mkono nimpige, nikaurudisha. Yale maneno yalikuwa ya kwangu.

Nikamwacha nyumbani, nikaenda peke yangu. Na nawaambia ukweli, njiani niliamua kunyamaza. Nani alimwona Kabula? Hakuna. Dorika atafukuzwa, mwanangu atapona, na ile aproni itakuja kwangu.

Kikaoni Bibiana alikaa pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu. Wazazi walikuwa wanapiga kelele, "Afukuzwe! Afukuzwe!"

Mwalimu Maximilian akasimama. Yeye ndiye mwalimu wa malezi, na hapendi kelele.

"Nyie wazazi, tusiende mbio," akasema. "Kumfukuza mtoto kabisa si jambo la kupiga kelele likaisha. Hata mwalimu mkuu haamki tu akafukuza. Kwanza kosa lithibitike. Mtoto asikilizwe, na mzazi wake asikilizwe. Wasiporidhika, wana haki ya kukata rufaa. Na hiyo ni hatua ya mwisho, njia nyingine zote zikishindikana."

"Kwa hiyo mtoto mbaya tumwache?" akauliza baba mmoja.

"Sijasema tumwache. Watoto walitapika. Aliyekosa lazima awajibike. Lakini tukimtoa shule, anaenda wapi?"

Akatutazama mmoja mmoja, akaendelea.

"Mnajua wenyewe. Atachunga ng'ombe wa watu, au ataozwa bado mtoto. Na ule utundu hautaisha. Tutakuwa tumeutoa darasani tu, tumewaletea nyie mtaani. Mtoto akikosa tuulize, amefanya kwa sababu gani? Amejifunza kwa nani?"

Nikainamisha kichwa.

Dorika akaitwa mbele. "Sikuweka mimi," akasema. Kimo chake ni cha Kabula. Hata sare yake imepauka mabegani kama ya Kabula.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mama Kabula, wewe ndiye uliyepita majumbani. Sema sasa."

Nikasimama.

"Dorika hana kosa. Aliyeweka ni mwanangu Kabula. Na aliyemjaza maneno ni mimi. Nilimwonea wivu Bibiana."

Loo! Kikao kilivurugika. Yule baba akapaza sauti, "Mchimba kisima huingia mwenyewe! Si ulisema samaki mmoja akioza? Basi Kabula afukuzwe!"

"Nilisema," nikajibu, na machozi yakanitoka mbele za watu. "Sasa nawaomba msinisikilize."

Bibiana akasimama. Nikajua hapa ndipo ananimaliza.

"Chakula kilichoharibika nilipika mimi," akasema. "Mtoto aliyesingiziwa ni wangu. Kabula asifukuzwe. Nileteeni jikoni nifanye naye kazi."

Jamani, afadhali angenitukana. Na hata pale wivu ulinishika tena. Kwa nini moyo mzuri hivyo awe nao yeye?

Kamati ikakubaliana. Kabula aliomba radhi mstarini, mbele ya shule nzima, akamwomba na Dorika. Kwa mwezi mzima alibaki baada ya masomo kuosha masufuria. Kila Ijumaa alikaa na Mwalimu Maximilian wakazungumza. Mimi nilileta maharage na mahindi kufidia yale yaliyomwagwa. Halafu nikapewa adhabu yangu, nipite nyumba zilezile nikalisafishe jina la Dorika. Hiyo ilikuwa nzito kuliko gunia. Nilibisha hodi kila mlango niliobisha mwanzo.

Jiko la shule sasa lina kufuli. Kabula yuko darasani, na mwezi wake uliisha zamani, lakini bado anaenda jikoni kusaidia. Dorika alimnunia wiki tatu. Sasa wanakwenda shule pamoja, wanabishana hesabu njia nzima.

Juzi nilipeleka kuni shuleni. Bibiana akanipa kijiko nionje makande. Niseme kweli? Niliomba yawe mabaya. Yalikuwa matamu.

"Vipi, Mama Kabula?" akaniuliza.

"Mh, chumvi naona..." nikaanza.

Nikamwona Kabula pale kwenye karai la vyombo. Mkono wake ulikuwa umesimama. Alikuwa ananisikiliza.

"Chumvi naona imekolea vizuri," nikasema. "Umepika, Bibiana. Umepika kweli."

Kabula akaendelea kusugua sufuria.