Aliyenyamaza Mtaa Uliposhangilia

Inspekta alipofika, maiti ilikuwa bado inaning'inia kwenye mkanda wa kupandia nguzo. Kofia ngumu ya njano ilikuwa imeanguka chini, karibu na gari la mafundi. Watu wa mtaa walisimama mbali, wamejishika vichwa.

"Nani huyu?"

"Popo," alijibu msimamizi wa mafundi wa laini bila kuinua macho. "Tulimwita hivyo kwa sababu alikaa nguzoni kutwa bila kuchoka. Kijana wangu huyo, afande. Kupanda nilimfundisha mimi."

Msimamizi mwenyewe walimwita Fyuzi, kwa hasira zake za kukatika ghafla. Leo hasira hazikuwepo. Alikuwa amenywea kama nguo iliyolowa.

"Laini ilizimwa?"

"Dada wa kituo cha kupoza umeme alisema ameizima. Nikamwambia Popo panda, laini imekufa. Kumbe..." Akaelekeza kidole upande wa kituo. "Muulizeni yeye."

Inspekta alitazama ndani ya gari. Nyaya za ethi, zile za kupeleka umeme ardhini ukija kwa bahati mbaya, zilikuwa bado zimeviringishwa vizuri.

"Hizi hamkufunga?"

"Ilikuwa kazi ndogo, afande. Tulimwamini yule dada."

Inspekta hakupoteza muda. Alimkuta dada wa kituo mezani anakula na wenzake, akamfunga pingu palepale, kijiko bado kiko mkononi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Muuaji." Wengine wakasogeza viti vyao.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na joto.

"Ulizima?"

"Nilizima."

"Kisha ukawasha."

"Sikuwasha."

"Mtu amekufa, dada yangu."

"Najua, afande. Swichi ile ina kufuli la Popo mwenyewe. Kila anayepanda hutundika kufuli lake, na ufunguo anaondoka nao mfukoni. Hata ningetaka kuwasha, nisingeweza. Mmeenda kuangalia?"

Inspekta alifunika daftari lake. Hakuwa ameenda kuangalia.

Koplo alitumwa. Aliporudi alisimama mlangoni, anakunakuna shingo. Kufuli lilikuwa limefungwa bado. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa shati la marehemu. Daktari wa chumba cha maiti naye alikuwa na maneno yake: majeraha ya kiganjani na unyayoni yalikuwa ya umeme mkubwa wa laini. Ule wa kuwashia taa hauunguzi hivyo.

Uso wa Inspekta ulipata moto. Alimfungua pingu yeye mwenyewe.

"Kama haukutoka kwako, ulitoka wapi? Nieleze kama unavyomweleza mtoto."

Dada alisugua vifundo vya mikono yake. "Umeme unazalishwa huko bwawani, maji yanazungusha mitambo. Unaongezwa nguvu ili usafiri mbali bila kupotea njiani. Ukifika kwetu tunaupunguza, ndio maana ya kupoza. Halafu ile transfoma ya mtaani inaupunguza tena, uingie majumbani." Akaziba mdomo. "Isipokuwa kama ulitoka chini."

"Chini wapi?"

"Nyumbani kwa mtu. Mtu akichomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani bila kuzima swichi kubwa, umeme wake unatoka nje mpaka kwenye transfoma. Na transfoma haijui mbele wala nyuma, afande. Ule mdogo wa nyumbani ukiingilia huku, unatokea kule ukiwa mkubwa. Jenereta haiwezi kubeba mtaa mzima, huzimika mara moja, lakini mara moja hiyo inatosha."

"Nenda nyumbani, dada."

"Siendi." Machozi yalimlengalenga. "Mlinichukua mbele ya watu. Nikitoka kwa mlango wa nyuma, nitabaki muuaji mpaka nizeeke."

Inspekta akatoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi mtaani, kinyozi alikuwa amekaa nje ya kibanda chake, mashine imelala kwa kukosa umeme. Mteja wake alikuwa amenyolewa nusu kichwa.

"Jana mchana, kabla hamjasikia mtu amekufa nguzoni, mliona nini?" Inspekta aliuliza.

"Umeme ulirudi, afande. Kidogo tu. Feni ikageuka, redio ikakohoa, ukakata."

"Mkafanyaje?"

Kinyozi akainamia viatu vyake. "Tulishangilia. Mtaa mzima tukapiga kelele, umerudii! Tukapiga makofi." "Hatukujua, afande. Wallahi hatukujua."

"Na mimi bado niko nusu," mteja akanong'ona. Hakuna aliyecheka.

Inspekta alifikiri. Kila aliyeona feni inageuka alidhani umeme umerudi. Isipokuwa mtu mmoja, aliyewasha jenereta.

"Nani hakushangilia?"

"Hakushangilia?" Kinyozi alishangaa. "Labda mke wa Fyuzi. Alikuwa mlangoni kwake, tukampigia kelele, shemeji, mumeo kauleta! Yule kwa kawaida hupenda sifa. Jana aliinama tu, akaingia ndani mbio."

Nyumba ya Fyuzi ilikuwa ya nne kutoka kwenye transfoma. Sebuleni bibi mmoja alikuwa anajipepea kwa kipande cha boksi.

"Karibu, mwanangu. Mimi ni mama mkwe. Nimekuja kumtazama binti yangu, nakuta anaoka kama mkate. Nikawaambia, mkwe wa umeme, nyumba haina umeme! Jana ndio wakaniwashia feni, na yenyewe ikafa mara moja."

"Mama!" Mke wa Fyuzi alisimama mlangoni, ameshika ukuta.

Jenereta ilikuwa bafuni, imefunikwa mashuka machafu. Pembeni kulikuwa na waya wenye plagi pande zote mbili, umefungwa utepe mwekundu kwa ustadi. Utepe uleule Inspekta aliuona kwenye koleo zote ndani ya gari la mafundi. Inspekta akatazama swichi kubwa ya ukutani. Mpini wake ulikuwa umevunjika, na vumbi limejaa mahali pake.

Fyuzi aliingia, akaona waya mikononi mwa Inspekta. Akakaa sakafuni.

"Nani aliwasha?"

"Mke wangu. Lakini mkosaji ni mimi."

"Kivipi?"

"Alinipigia simu nikiwa chini ya nguzo. Akasema mama anatoka jasho, anasema maneno. Popo alikuwa anapanda. Nikasema, washa. Akili yangu yote ilikuwa kwa mama mkwe."

"Na hiyo swichi?"

"Ilivunjika siku nyingi. Natengeneza za watu wote." Aliziba uso. "Za kwangu, kesho, kesho."

"Ulijua lini?"

"Niliposikia mtaa unashangilia. Nilijua kabla sijatazama juu."

"Ukamtaja yule dada wa kituo."

"Ndiyo."

"Uliogopa jela?"

"Hapana, afande. Niliona aibu. Mimi ndiye ninayewafokea vijana wangu kila asubuhi, fungeni ethi, msiamini maneno ya mtu. Ningewaambia nini? Kwamba nimemuua Popo ili mama mkwe asinicheke?"

Bibi aliacha kujipepea. Alikiweka kile kipande cha boksi chini, taratibu, wala hakukigusa tena.

Siku iliyofuata, wakati wa chakula, Inspekta alirudi kituo cha kupoza umeme pamoja na dada, akaingia naye kwa mlango wa mbele. Wenzake walewale walikuwa mezani.

"Nilimfunga mtu huyu pingu hapa kabla sijatazama kufuli," alisema. Sauti yake haikuwa imezoea maneno hayo. "Hana kosa. Kosa ni langu. Dada, nisamehe."

Aliyemwita muuaji aliinuka, akamvutia kiti. Dada hakukaa. Alipokea ufunguo wa Popo kutoka kwa Inspekta, akaenda kwenye swichi, akafungua kufuli, akalishika muda mrefu. Kisha akawasha.

Mtaani kwa kinyozi feni ilizunguka. Redio ikaanza kuimba, mtu akaizima. Watu walitazamana, wakatazama nguzo.

Hakuna aliyepiga makofi.