Sentimita Nane

Muuguzi alikufa siku ya Jumanne, saa moja na dakika kumi asubuhi, kwenye kona ya kwanza kutoka nyumbani kwake. Kona hiyo alikuwa ameikata kila siku ya kazi kwa miaka sita, akitoka kichochoroni na kuingia barabara kubwa kwa kushoto, sanduku la chanjo likiwa limefungwa nyuma ya pikipiki. Siku hiyo alianza kukata kona kama kawaida, pikipiki ikanguruma yenyewe, ikamshinda nguvu, ikavuka barabara na kugonga ukuta wa ghala la saruji.

Mumewe, mchomeleaji wa mageti, ndiye aliyefika wa kwanza. Majirani walipombeba marehemu, yeye aliikokota pikipiki hadi uani kwake, akasema hawezi kuiacha njiani watu wakaizunguka kama sinema. Polisi walikuja kuichukua saa tano. Kufikia saa saba walikuwa wamempata na mkosaji. Fundi pikipiki mmoja, jina lake la mtaani Spoki, alikuwa ameutia oili waya wa mafuta, ule unaoongeza mwendo wa pikipiki, siku ya Jumapili, na mshonaji mwenye kibanda pale konani alimsikia marehemu akipiga kelele, "Imeshika mafuta!" Mchomeleaji mwenyewe ndiye aliyewakumbusha polisi habari za oili. Vijana wa mtaa hawakungoja mahakama. Spoki alifikishwa kituoni mkono wake wa kulia umeshavunjwa mara mbili.

Baba yake marehemu alikuwa mkaguzi wa magari kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na watu bado walimwita Mkaguzi. Alikwenda kituoni Ijumaa, saa tatu asubuhi. Wala tusimpambe, hakwenda kutafuta ukweli. Alikwenda kumkaza Spoki kamba shingoni, kwa sababu mtoto wake alikuwa amelala kaburini siku ya pili na mtu fulani ilikuwa lazima alipe.

"Shikamoo Mzee," alisema Inspekta, ambaye zamani alijifunza kazi chini yake. Akampeleka nyuma ya kituo, pikipiki ilikowekwa, bila maneno mengi.

Mkaguzi aliwasha tochi akaanza kazi. Gurudumu la mbele lilikuwa limekunjika, taa imepondeka, lakini usukani ulikuwa umenusurika. Alizungusha mpini wa mafuta akauachia. Ukarudi wenyewe, pwa. Akageuza usukani kushoto hadi mwisho, akajaribu tena, kisha kulia hadi mwisho, akajaribu tena. Hiyo ndiyo ilikuwa hatua yake ya kwanza kwa kila pikipiki aliyokagua maishani. Kila mara mpini ulirudi. Waya ulikuwa mzima, laini, umetiwa oili vizuri kuliko alivyopenda kukiri.

Alikaa chini kwenye kokoto, hasira zikimtoka kama upepo kwenye tairi. Kamba aliyokuja nayo haikuwa na shingo ya kuivaa.

Ndipo akaona mambo mawili. Vibanio vitatu vya plastiki vinavyoufunga waya kwenye fremu vilikuwa vimekatwa kwa kisu, na mkato bado ulikuwa mweupe. Pia bolti mbili zinazoshika usukani zilikuwa safi, ilhali kila kitu kilichozizunguka kilikuwa na tope kavu la wiki nzima.

Alimuuliza Spoki, aliyekuwa amejikunja kwenye kona ya mahabusu, mkono ukiwa umefungwa ubao. Spoki alijibu bila kuinua macho kwamba anayetia oili hakati kibanio chochote wala hagusi bolti za usukani. Anafungua waya juu, anatia, anafunga. Kisha akauliza kama mkono wake utaweza tena kushika spana. Mkaguzi alimwambia hajui, na huo ulikuwa ukweli.

Kisu kilimpeleka zahanati, alikofanya kazi binti yake. Huko alikuwako mtunza stoo aliyekuwa akiililia pikipiki ile mwaka mzima, akidai kazi za nje zinamfaa mwanamume. Mfagizi alimwona Jumatatu jioni ameinama kwenye pikipiki, kisu mkononi. Mtunza stoo alitetemeka kama mtuhumiwa wa kwenye filamu, lakini maelezo yake yalikuwa mepesi: kamba ya sanduku la chanjo ilikuwa imekaza fundo, akaikata. Muuguzi mkuu alikuwa amesimama hapo hapo akishika sanduku, akathibitisha. Kamba yenyewe ilikuwa bado pipani. Kupenda kitu cha mtu si kumuua, hata kama unakipenda kwa kelele.

Saa tisa alasiri Mkaguzi alifika kwa mshonaji. Mama huyo alimpa kiti, akampa pole, akarudia yale aliyowaambia polisi. Mkaguzi akamwomba amwambie yale ambayo polisi hawakumuuliza.

Mshonaji alisimamisha cherehani. "Mwanao siku zote anapita hapa amejikunja, kama anayetafuta sindano iliyodondoka. Jumanne alipita amenyooka, mabega juu, kama bibi harusi kitini. Nikamwambia, leo una raha. Akacheka. Hata hakumaliza kucheka."

Binti wa Mkaguzi alikuwa akilalamikia mgongo tangu azae mapacha. Wiki mbili nyuma, mezani, yeye mwenyewe alimtania kwamba anaendesha kama mtu anayepuliza moto wa kuni. Mgongo wa namna hiyo haunyooki kwa usiku mmoja.

Alivuka barabara hadi kwenye ukuta wa ghala. Mpini wa kushoto ulikuwa umechora mstari mfupi kwenye rangi na kuacha weusi wa mpira. Alipima kutoka chini: sentimita mia moja na kumi na mbili. Saa kumi na moja alirudi kituoni, wakaisimamisha pikipiki juu ya gurudumu zima walilochomoa kwenye pikipiki ya polisi ya aina ile ile, akapima mpini. Mia moja na nne.

"Labda umekosea kupima," alisema Inspekta.

"Nimepima mara tatu. Chuma hakifupiki kwa kufiwa."

Usiku ule hakulala. Jumamosi, saa mbili asubuhi, alimkuta mkwewe karakanani. Hakuna mashine iliyokuwa ikifanya kazi. Mapacha, wasichana wa miaka mitano, walikuwa ndani na shangazi yao.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Vipande vya chuma viko wapi?"

Mchomeleaji alifungua kopo la misumari. Akatoa vipande viwili vya mviringo, vimepigwa tupa hadi vinang'aa, kila kimoja na urefu wa sentimita nane. Kila kimoja kilikuwa na tundu la bolti katikati.

"Nilishindwa kuvitupa," alisema. "Nilivitengeneza siku tatu."

Alivifunga chini ya usukani Jumatatu jioni, kuupandisha, mkewe akiwaogesha watoto. Waya ulipovutika akakata vibanio, ukafika. Akawasha pikipiki hapo uani, usukani ukiwa umenyooka, ikaunguruma vizuri. Hakuugeuza. Mkaguzi hakuhitaji kuelezwa yaliyobaki. Waya mfupi kwenye usukani uliopandishwa hutulia ukienda mbele, lakini ukigeuza kabisa kushoto unavutwa, na ukivutwa unafungua mafuta wenyewe. Kutoka uani hadi kichochoroni ni mbele tupu. Kona ya kwanza ndiyo ile.

"Uliurudisha usukani saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu. Mikono ilikuwa na damu yake. Spana ikawa inateleza."

"Na Spoki?"

"Aliugusa waya kweli."

"Nimekuuliza Spoki."

Mchomeleaji alikaa kwenye geti ambalo halijakamilika. "Watoto watakua, Baba. Watauliza. Nikaona afadhali wamchukie fundi wa mtaani, waendelee kuishi. Wakinichukia mimi watakaa na nani?"

Mkaguzi alisema lazima waende kituoni. Mkwewe aliitikia kwa kichwa, akavifunga vipande kwenye kitambaa. Mlangoni akasimama.

"Nilikuuliza kuhusu waya," alisema taratibu. "Ile siku mezani. Ulisema, mpandishie mkeo usukani, acha ubahili wa chuma. Nikakuuliza, na waya? Ukasema waya huwa wanaacha ziada."

Mkaguzi alikumbuka. Alikumbuka na tonge lililokuwa mdomoni. Ziada ilikuwepo, ya sentimita mbili, pengine tatu. Hakumuuliza atapandisha kiasi gani. Hakumwambia ageuze usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, jambo ambalo alikuwa amewaamrisha watu baki kwa miaka thelathini na moja. Alijibu haraka kwa sababu yeye alikuwa Mkaguzi, na Mkaguzi huwa hakosi jibu. Aliumia vibaya sana, akatamani angekuwa yeye kwenye kona ile.

Inspekta aliandika maelezo ya mchomeleaji hadi saa sita, akamfungia chumba kile kile alichotoka Spoki. Spoki alipita mbele ya Mkaguzi ameushika mkono wake, akaomba njia, hakusema zaidi. Mkaguzi akavuta kiti, akamwambia Inspekta aandike na ya kwake.

Inspekta aliyasikiliza yote, kalamu ikiwa chini. "Mzee, hakuna kifungu cha mtu aliyejibu swali mezani. Nenda nyumbani. Watoto wanakuhitaji."

Mapacha walikuwa mlangoni. Mmoja alikuwa na kiatu kimoja.

"Babu, baba yuko wapi?"

Mkaguzi alikaa kizingitini, akachukua kile kiatu kingine na kuanza kukifungua kamba, pole pole. Mtoto alingoja kidogo, kisha akauliza tena.