Maneno ya Kufunga

Jioni ile nilikuwa nampelekea mama dawa ya kifua. Basi. Nimetoka kazini, nimepitia duka la dawa, jua ndiyo linazama. Na hasira nilikuwa nazo tayari, maana mchana kutwa nilibishana na bosi wetu, yule tunayemwita Profesa kwa kuwa anajua kila kitu isipokuwa aibu.

Sisi tunatengeneza michezo ya kompyuta na simu. Mimi ni mchoraji. Profesa alitaka mchezo wenye miungu ya kale ya kila taifa. Akamchukua simba mwenye mabawa huku, mungu wa mafuriko kule, akawatupia wote kwenye sufuria moja kama viporo. Halafu akasikia kwamba mama yangu anaijua hadithi ya Bibi wa Kisimani. Akaenda nyumbani mwenyewe na kinasa sauti, akimbembeleza kwa "mama mzazi" hivi na vile, mpaka mama akamsimulia.

Kwao mama, hadithi ile ina sharti. Msimulizi humwita Bibi: *Njoo, mlango uko wazi.* Akimaliza, lazima sauti ileile imwambie: *Rudi, mlango nimeufunga.* Hata kama wasikilizaji wote wamelala, huachi hivihivi. Mama alimweleza Profesa hayo, akarudia, na mimi nipo.

Profesa akayakata maneno ya kufunga!

Sauti ya mama ikawekwa kwenye kitufe. Mchezaji akibonyeza, mama anaita, anatokea simba au yeyote yule. Siku hiyo ofisini walikuwa wanaujaribu. Saa mbili usiku ungeachiwa kwa watu wote.

Nilikuta mlango wa mama uko wazi.

"Hodi!"

Harufu ikanipokea... maji yaliyolala, matope. Sakafu imelowa. Nyayo za miguu mitupu zimetoka mlangoni kuelekea chumbani. Zinaingia tu. Pembeni yake kulikuwa na alama nyingine, pana, zenye kucha.

"Shikamoo, mama."

Alikuwa ameketi kitandani, jasho linamchuruzika.

"Funga mlango, mwanangu," alinong'ona.

Nikarudi, nikafunga, nikasukuma komeo. Niliporejea chumbani mama alikuwa amejishika koo. Midomo ameibana, naapa. Lakini sauti yake ikasikika mle ndani, safi, vilevile ilivyorekodiwa.

*Njoo, mlango uko wazi.*

Komeo likajivuta lenyewe. Krrr...

Chwa. Chwa. Chwa...

"Rudi, mlango nimeufunga," mama akasema haraka. Sauti yake halisi ilikuwa imekauka kabisa. Hatua zikasimama. Mlango ukajibamiza.

"Tangu asubuhi," akasema. "Nikichelewa kumrudisha, anaingia."

"Ni yule Bibi?"

"Wa kwanza alikuwa Bibi. Hawa wengine siwajui. Si wa kwetu." Akanishika mkono. "Usigeuke nyuma, tafadhali."

Sikugeuka. Nikampigia Profesa.

"Zima huo mchezo!"

"Acha utani bwana, uzinduzi ndio huu. Vijana hapa ofisini hawakiachi kile kitufe."

"Mama yangu anakufa huku! Rudisha maneno ya kufunga!"

"Tulishaongea hilo. Mchezaji hapendi porojo."

"Basi nitumie mimi hiyo sehemu. Nitaicheza hapa kwenye simu."



"Nilishaifuta. Ilikuwa inajaza nafasi tu."

Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo mama hajawahi kuyasikia kinywani mwangu, na mama hakunikataza. Alikuwa anafunga. *Njoo...* anafunga. *Njoo...* anafunga. Nikamkorogea dawa, akaimwaga, hakuwa na muda wa kumeza.

Saa mbili ikafika.

*Njoo njoo njoo mlango njoo uko njoo...*

Sauti yake ilimiminika bila nafasi ya pumzi. Mama akafungua kinywa amrudishe wa kwanza. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena, mishipa ya shingo imemsimama. Upepo mtupu.

"Rudi! Mlango nimeufunga!" nikapiga kelele mimi. "Rudini! Nimeufunga!"

Mlango ulibaki wazi, haukutikisika. Si mimi niliyewaita.

Chwa. Chwa. Halafu kwato. Halafu kitu kinachoburuta mabawa sakafuni. Simu ikaita, nikapokea kama mjinga, nikidhani ameuzima mchezo.

"Maelfu!" Profesa alikuwa anacheka. "Na dakika haijaisha! Wameipenda sauti ya bimkubwa kupita kiasi. Mpe salamu zangu!"

Nikaibamiza ukutani. Taa ikazimika. Nikapapasa kitanda nimtafute mama, nikaupata mkono wake, bado una joto. Hakulia. Alinifinya vidole, kisha taratibu akajisogeza kuelekea ukutani, kama unavyompisha mtu anayetaka kulala.

Godoro likabonyea kati yetu.

Mama akasogea tena.