Sabuni Ndani ya Kamoshi

Kila asubuhi Minza alifagia uwanja, akawanywesha ndama, kisha akamwamkia bibi yake kwa Kisukuma, maana bibi huyo salamu ya Kiswahili hakuitaka hata kuisikia. "Mwangaluka!" alisema huku ameshageuka, na jibu la bibi lilimkuta njiani. Siku hizi hakungoja hata kiporo cha viazi. Alikuwa na mgonjwa wake shuleni.

Mgonjwa huyo aliitwa Kamoshi. Alikuwa kichwa cha treni ya mvuke, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, kilichoundwa kwa vikorokoro. Boila lilikuwa kipande cha bomba la shaba, ekseli zilikuwa spoki, na silinda ilikatwa kutoka kwenye pampu ya baiskeli. Watoto wa Malampaka, kwao Minza, wamezaliwa wakisikia honi ya treni ya Mwanza, lakini treni ya mvuke waliisikia kwenye masimulizi ya wazee tu. Ndiyo maana Minza na mwenzake Method, wote wa darasa la saba, walijitosa kuunda ya kwao. Ijumaa wangeipeleka Bariadi kwenye maonyesho ya sayansi ya mkoa.

Minza alishughulikia boila akisaidiwa na Fundi Mihayo, mwenye karakana karibu na stesheni. Method alitengeneza pistoni, akaizungushia uzi wa pamba uliopakwa mafuta ili mvuke usipenye. Juu ya boila Fundi alifunga valvu ya usalama, yaani gololi ya baiskeli iliyokandamizwa na springi. Mvuke ukizidi, gololi huinuka na mvuke hutoka kwa mluzi mwembamba.

"Huyo ndiye mlinzi wenu," Fundi aliwaambia. "Shingo yake ikivuja, msiiguse. Nileteeni niilehemu upya."

Jumanne shingo ikavuja. Minza alikimbilia karakanani, akakuta kufuli. Fundi alikuwa amekwenda Maswa. Sasa Minza, kama mtoto yeyote wa nchi ya pamba, alikuwa amewaona madereva wa malori ya pamba wakiziba tangi la mafuta kwa sabuni ya mche, na lori likafika liendako. Akajiambia, kama sabuni inazuia dizeli, mvuke ni nini? Alifungua valvu shingoni, akashindilia sabuni kwenye hesi zake, ile mikunjo ya kukazia, akaikaza. Haikuvuja tena. Hakumwambia mtu.

Jumatano Mwalimu Apolonia, mwalimu wao wa sayansi, alisimamia jaribio. Magurudumu yalizunguka mara mbili, kisha Kamoshi akakohoa na kutema maji yenye povu kwenye silinda. Akagoma.

"Method, ni pistoni yako hiyo," alisema Mwalimu. "Inapitisha maji."

"Niliifunga vizuri, Madam."

"Ingekuwa vizuri, ingekwenda."

Method aliifungua, akazungusha uzi upya. Povu. Akarudia tena. Povu. Wenzao wakaanza kumwita Fundi Povu. Mwalimu akakata shauri: kesho litakuwa jaribio la mwisho, na likishindikana, mwanafunzi mwenzao Jilala atakwenda Bariadi badala ya Method.

Minza aliliona povu lile. Akalinusa. Lilinuka kama nguo zilizotoka kufuliwa. Alielewa papo hapo. Sabuni ilikuwa imeingia kwenye maji ya boila, na povu lilikuwa likibebwa na mvuke mpaka kwenye silinda. Pistoni ya Method haikuwa na kosa hata chembe. Alifungua mdomo, akaufunga. Akisema, atakayebaki ni yeye. Alifikiria kuliosha boila kwa siri, lakini Mwalimu alikuwa ameshamfungia Kamoshi kabatini. "Labda kesho povu litakuwa limeisha," alijidanganya. Huo ulikuwa uoga mtupu, tusimpambe.

Alhamisi darasa zima lilijipanga barazani. Method hakuwa amegusa chakula cha mchana. Minza aliwasha kopo la spiriti, akalisukuma chini ya boila. Dakika tano zikapita. Dakika nane. Magurudumu yakatikisika, yakasimama. Povu likachuruzika kidogo, kisha nalo likakoma. Dakika kumi. Siku nyingine, kufikia muda huo gololi ilikuwa imeshapiga mluzi. Leo kimya.

Method aliinama, uso karibu kabisa na boila, akitafuta kosa lake.

Minza akatazama valvu. Kuzunguka gololi palikuwa na utando wa manjano uliokauka. Sabuni ilikuwa imepanda na povu, ikaivia pale, ikamgandisha mlinzi. Boila likaanza kualika, tik, tik, kama bati la paa juani.

"Method, toka hapo!"

"Ngoja kidogo, nimeona—"

Minza alimkamata ukosi wa shati, akamvuta kwa nguvu zote mpaka wote wawili wakaanguka. "Kimbieni! Valvu imeziba!"

Mwalimu hakuuliza mara mbili. Aliwasukuma watoto nyuma ya ukuta, akanyakua jembe lenye mpini mrefu, na akiwa amejikinga kwa nguzo akalivuta kopo la moto kutoka chini ya boila. Likapinduka, moto ukatambaa kwenye sakafu. Akaumwagia ndoo ya mchanga. Kisha wakangoja. Tik. Tik. Minza alihesabu. Sauti ikafifia, halafu ikakoma.

"Method," alisema Mwalimu akihema, "uzi wako umeziba njia ya mvuke?"

Machozi yalimlenga Method. Hapo Minza angeweza kunyamaza tena, na hakuna ambaye angejua.

"Si Method, Madam. Ni mimi. Jumanne niliziba valvu kwa sabuni. Jana nilijua kosa ni langu, nikanyamaza."

"Tangu jana?" Method aliuliza taratibu. Swali hilo lilimuuma Minza kuliko kofi.

Fundi Mihayo, aliyekuwa amesharudi kutoka Maswa, aliitwa. Boila lilipopoa, ilibidi aibandue gololi kwa bisibisi. "Tangi la lori halichemki, mayu," alimwambia Minza, akimwita mama kwa Kisukuma. Waliliosha boila mara tatu mpaka maji yakatoka bila povu, naye akailehemu shingo upya. Moto ukawashwa tena, watoto wote wakiwa mbali. Gololi ikapiga mluzi, magurudumu yakashika, na Kamoshi akakimbia baraza yote. Pistoni ya Method haikuvuja hata tone.

Mwalimu Apolonia alimwomba Method radhi mbele ya darasa. Kisha Minza akasema kwa sauti ndogo, "Madam, Jilala aende badala yangu."

"Hapana. Mtakwenda wote wawili, na wewe ndiye utakayewaeleza majaji sabuni ilifanya nini." Mwalimu akawageukia wengine. "Sikilizeni nyote. Mashine ikivuja, inatuambia ukweli kuhusu kasoro yake. Minza aliiziba mdomo, halafu akajiziba na wa kwake. Kosa ambalo Jumanne lingekuwa kazi ya nusu saa, leo nusura limpofushe mwenzetu. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo."

Minza alibaki akitazama mikono yake iliyojaa masizi. Method akamsogezea ndoo ya maji na kipande cha sabuni ya mche.

"Ya mikono tu," alisema.

Minza akacheka huku machozi yakimtoka, akanawa.